Mzee Amechanganyikiwa Ghafla Wodini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na ndugu wa wagonjwa kila mara, mengine mlangoni saa za kuona wagonjwa, mengine kwa simu usiku. Yamo pia ya wauguzi na madaktari wanafunzi. Majibu yanawahusu wagonjwa wa miaka 60 na kuendelea waliolazwa kwenye hospitali kama zetu, ambako CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, haipo kila mahali na ndugu ndiye anayelisha na kuogesha. Jambo moja linapita katika majibu yote: mzee akibadilika akili ghafla, kuna kitu mwilini kilichomfanya hivyo, mara nyingi zaidi ya kimoja, na kinatafutwa siku ile ile.

Kuchanganyikiwa huku ni nini hasa?

Ubongo umezidiwa kwa muda. Hali inaanza ndani ya saa chache au siku chache, na chanzo chake ni ugonjwa, dawa, upungufu wa kitu fulani mwilini, au vyote kwa pamoja. Madaktari wanaiita deliriamu. Alama kuu ni kwamba mgonjwa hawezi kushika jambo akilini. Unamuuliza amekula nini, anaanza kujibu, katikati ya jibu yuko kwingine. Anaweza kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, kuona wadudu ukutani, au kupapasa shuka kana kwamba anaokota punje.

Tena hali inapanda na kushuka. Asubuhi wakati wa raundi mzee anajibu salamu vizuri na kuuliza ataruhusiwa lini. Magharibi ikiingia anang'oa dripu akafunge ng'ombe. Kwa sababu hiyo ndugu anayesimulia mambo ya usiku huonekana anatia chumvi. Hatii chumvi. Maneno yake yaandikwe kwenye faili.

Hali hii si nadra hata kidogo. Kwenye wodi za magonjwa ya ndani huwapata takriban mzee mmoja kati ya watano, na utafiti uliofanyika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ulikuta kiwango cha namna hiyo. Kwa waliovunjika nyonga wanafika theluthi moja hadi nusu. Wengi wao hawaandikiwi chochote kwenye faili, maana inadhaniwa ni uzee.

Nitaitofautishaje na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni?

Uliza: tangu lini? Ugonjwa wa kusahau, yaani demensia, unakuja polepole kwa miezi na miaka. Kwanza anapoteza funguo, kisha anarudia hadithi, baadaye anapotea njia ya kwake. Deliriamu ina siku yake: "Jumanne alikuwa anasoma gazeti, Alhamisi hanijui." Ukiweza kutaja siku, chukulia ni deliriamu hadi ithibitike vinginevyo.

Kinachotatiza ni kwamba mwenye demensia ndiye anayepata deliriamu kwa urahisi kuliko wote. Mama aliyekuwa anasahau kidogo akiletwa na nimonia anaweza kupotea kabisa, na watu wakasema ni ile hali yake imeendelea. Linganisha na alivyokuwa wiki mbili zilizopita, usimlinganishe na mtu mwenye kumbukumbu kamili. Kama wiki mbili zilizopita alikuwa anaswali mwenyewe na kujilisha, na leo hawezi, hayo ni mabadiliko mapya na yana chanzo kipya.

Baba hapigi kelele wala haoni vitu. Amelala tu, hataki kula. Hiyo nayo inahusika?

Inahusika, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mzee anayepiga kelele ataonwa, hata na wodi ya jirani. Aliyetulia anaitwa mgonjwa mzuri. Anafumba macho, akiamshwa anajibu neno moja na kurudi usingizini, chakula kinakaa mdomoni bila kumezwa. Watu wanasema amechoka, au amekata tamaa, au amesusa kwa sababu mtoto fulani hajaja. Wengine wanaandikiwa dawa za sonona.

Aina hii ya kimya ndiyo inayowapata wazee wengi, ndiyo inayopitwa bila kuonekana, na matokeo yake huwa mabaya zaidi, kwa sababu chanzo kinachelewa kupatikana, na huku mgonjwa anapaliwa na uji, anapata vidonda vya mgongo na kuganda damu miguuni. Mzee anayelala mchana kutwa wakati jana hakuwa hivyo apimwe kwa haraka ile ile kama anayeng'oa dripu. Wapo pia wanaobadilika: usiku fujo, mchana usingizi.

Alilazwa kwa kidonda cha mguu tu. Akili imeingiaje?

Pima mambo mawili: udhaifu aliokuja nao na pigo lililomkuta. Kijana mwenye afya anahitaji pigo kubwa, kwa mfano homa ya uti wa mgongo, ndipo achanganyikiwe. Mzee wa miaka 82 mwenye macho hafifu, figo zilizochoka na usahaulifu kidogo anahitaji kidogo mno, kama mtungi uliojaa hadi ukingoni. Usiku mmoja bila usingizi, vidonge viwili vya mafua, siku mbili bila choo, basi.

Kwa hiyo kupata sababu moja si mwisho wa kazi. Ukikuta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, endelea. Huenda pia hajanywa maji tangu juzi, mguu unamuuma na kuna dawa mpya imeongezwa. Wazee wengi wana sababu mbili, tatu au zaidi kwa wakati mmoja, na ukitibu moja na kuziacha nyingine hapati nafuu.

Muuguzi akiitwa, aanze na nini?

Aanze na zile zinazoua au kuharibu ubongo ndani ya saa moja.

Sukari kwanza. Tone moja la damu kwenye glukomita, na jibu linatoka kabla daktari hajafika. Sukari chini ya 4 (mmol/L) kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa inatibiwa hapo hapo. Uliza hasa kama anatumia glibenklamidi, kidonge cha kisukari, maana kwa mzee mwenye figo dhaifu dawa hiyo inashusha sukari na kuendelea kuishusha hata siku nzima baada ya kidonge cha mwisho. Unampa glukosi, anaamka, unafurahi, baada ya saa nne ameshuka tena. Huyu anapimwa mara kwa mara usiku kucha. Kama ni mlevi au amedhoofika kwa njaa, apewe thiamini (vitamini B1) pamoja na glukosi au kabla yake.

Kisha oksijeni, kwa kile kipimo cha kidoleni. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima, usikisie. Mzee mwenye nimonia anaweza asikohoe na asiwe na homa, lakini pumzi zake ni 28 kwa dakika. Pima presha, mapigo na joto, ukijua kwamba joto la kawaida haliondoi maambukizi kwa mzee. Wengine hata wanapoa. Mshtuko wa moyo nao unaweza kuja bila maumivu ya kifua, mzee anatoka jasho tu na kuanza kusema ovyo. Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kama kipo.

Mwangalie uso na mikono: mdomo umekwenda upande? Mkono mmoja umelegea? Je, shingo imekakamaa? Je, ameanguka wiki za karibuni? Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo ambako familia imeshasahau, hasa kwa wanaotumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.

Si malaria iliyopanda kichwani?

Inaweza kuwa, na kwenye maeneo yenye malaria lazima ipimwe mara moja. Lakini hapa pana mtego. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, na watu wazima wengi wa maeneo ya malaria wana vijidudu vichache vya malaria kwenye damu bila kuugua. Mistari miwili kwenye kipimo haitoshi kumaliza upelelezi. Mtibu malaria, na kesho yake endelea kumtazama kifua, kibofu na orodha ya dawa.

UTI ni hivyo hivyo. Wazee wengi, hasa wanawake, wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Mkojo "mchafu" usiwe jibu la haraka la kila mzee aliyechanganyikiwa, huku nimonia inaendelea kifuani.

Kwa mwenye VVU, au asiyejua hali yake, fikiria pia homa ya uti wa mgongo ya fangasi au ya kifua kikuu. Hizo huanza taratibu, kichwa kinauma wiki nzima kabla ya akili kuvurugika, na kujua kunahitaji kutoa maji ya uti wa mgongo. Wazee nao wapimwe VVU. Wanasahaulika sana kwenye kipimo hiki.

Dawa zinaweza kuchanganya akili? Si ndizo zinazotibu?

Dawa ni miongoni mwa sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kuondoa. Omba ndugu alete mfuko mzima wa dawa kutoka nyumbani, mfuko wenyewe, asilete orodha ya kukumbuka. Umwage kitandani. Utakuta vidonge vya presha vya zahanati mbili tofauti, vya usingizi alivyopewa na jirani, vya mafua kutoka duka la dawa muhimu, na kichupa kisicho na jina.

Dawa za mafua, mzio na kikohozi ndizo zinazodharauliwa zaidi. Piriton na Phenergan zinauzwa kama karanga, na kijana akimeza analala tu. Kwa mzee zinazuia kemikali ambayo ubongo wake unaitegemea kwa kumbukumbu na umakini, na hapo hapo zinakausha mdomo, zinabana mkojo na kufunga choo. Amitriptilini inayotolewa kwa ganzi na maumivu ya miguu iko kundi hilo hilo, na Artane, dawa ya kutetemeka, pia. Mbili zikikutana, hali huwa mbaya zaidi.

Diazepamu na jamaa zake, dawa za kutuliza na kulaza, zinamlewesha mzee kwa muda mrefu, kwa sababu mwili wake unachelewa kuzitoa. Hatari ya pili ni kuzikata ghafla kwa aliyezizoea miaka mingi: naye anachanganyikiwa, anaweza hata kupata degedege. Tramadoli, pethidini na mofini zinaweza kuvuruga akili, lakini maumivu yasiyotibiwa nayo yanavuruga, kwa hiyo jibu ni kupunguza kiwango na kuongeza parasetamoli ya saa maalumu, si kumwacha mzee na mfupa uliovunjika bila kitu. Pethidini aepushwe kabisa.

Ziko nyingine ambazo hakuna anayezifikiria. Vidonge vya presha vya kukojosha, kama hidroklorothiazidi, vinaweza kushusha sodiamu kwenye damu, na sodiamu ikishuka mzee anakuwa mzito, anachanganyikiwa, anaanguka. Prednisoloni na deksamethasoni zinaweza kumtoa mtu usingizi na kumfanya aone mambo. Siprofloksasini ya maambukizi, isoniazidi ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU na dijoksini ya moyo nazo zimo. Figo zikiwa dhaifu, kiwango cha kawaida cha dawa kinageuka kuwa kikubwa mno.

Na za mitishamba? Tuambieni. Hakuna atakayekugombeza. Tunahitaji kujua amekunywa nini, kiasi gani na lini, kwa sababu baadhi zinaharibu ini na figo, na baadhi zina dawa za hospitali zilizosagwa ndani.

Kanuni ninayoishika: dawa yoyote iliyoanzwa, kuongezwa au kusimamishwa ndani ya siku chache kabla ya mabadiliko inawekwa ya kwanza kwenye orodha ya kuchunguzwa. Lakini ndugu asisimamishe dawa kimya kimya, amwambie daktari.

Mkojo, choo, maji, maumivu: mambo madogo hivyo yanaweza kumfanya mtu asimjue mwanawe?

Yanaweza.

Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu alilazwa kwa nimonia. Dawa zilikuwa zinafanya kazi, homa imeshuka, na bado siku ya tatu usiku akaanza kupiga kelele, anashika ukingo wa kitanda na kujivuta, anamsukuma kila anayemgusa. Karatasi ya zamu ilionyesha anakojoa, na kweli shuka lilikuwa linalowa. Mkwewe aliyekuwa anamuuguza ndiye aliyesema: "Sista, tangu jana ni matone, hajakojoa mkojo wa kueleweka." Tulipoweka mkono chini ya kitovu palikuwa pagumu, pameinuka mpaka karibu na kitovu chenyewe. Mpira wa mkojo ulipoingia ilitoka zaidi ya lita moja. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amelala, na mchana alimtambua mkwewe kwa jina. Alikuwa anameza amitriptilini kila usiku, na choo kilikuwa hakijatoka siku nne. Amitriptilini ikasimamishwa, choo kikatibiwa, mpira ukatolewa mapema.

Matone hayo yanadanganya watu wengi. Kibofu kikijaa kupita kiasi kinavuja, na aliye mbali anaona shuka bichi anadhani mambo yako sawa. Choo nacho kina udanganyifu wake: kinyesi kigumu kikiziba, maji maji yanapita pembeni, ndugu anasema anaharisha, anapewa dawa ya kuzuia kuharisha, na tatizo linazidi. Kidole chenye glovu ndicho kinachomaliza ubishi.

Kuhusu maji, mzee hasikii kiu kama kijana. Wengi pia wanajizuia kunywa kwa makusudi, kwa sababu choo kiko mbali na wanaona aibu kuomba kusindikizwa na binti. Chupa ya maji iliyo mezani upande asioufikia haimsaidii. Hesabu alichokunywa, sio kilicholetwa.

Maumivu: kuna wazee wa kiume waliofundishwa tangu jandoni kwamba mwanaume halii. Ukiuliza "inauma?" anasema "hapana, namshukuru Mungu." Tazama uso unapomgeuza. Tazama kama anashika nyonga, kama anakataa kukaa, kama mapigo yanapanda ukimgusa.

Mbona alikuwa mzima, kachanganyikiwa baada ya upasuaji?

Kawaida siku ya kwanza hadi ya tatu. Watu wanalaumu dawa ya usingizi, nayo inaweza kuchangia, lakini tazama kila kilichomkuta: amefunga kula na kunywa tangu usiku, upasuaji umeahirishwa mara mbili, amepoteza damu, ana maumivu, kalala wodi yenye taa na kelele, miwani iko kwenye mkoba wa dada yake. Aliyevunjika nyonga anakuwa na haya yote pamoja. Kwa huyo, kupasuliwa mapema, kuongezewa damu akihitaji, kutulizwa maumivu vizuri na kukalishwa kitini siku inayofuata ni kinga kuliko kidonge chochote. Pumzi zikiwa za haraka ghafla, fikiria damu iliyoganda mapafuni.

Tunaona aibu kusema, lakini mzee anakunywa pombe.

Semeni siku ya kulazwa. Aliyezoea mbege, gongo au bia kila siku akikatishwa na kitanda cha hospitali, mikono inaanza kutetemeka ndani ya siku ya kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kupata fujo kali, jasho, mapigo ya kasi, degedege. Hii inaua. Ina tiba yake: ndiyo hali ambayo diazepamu inahitajika, pamoja na thiamini. Bila kuambiwa, daktari ataizuia diazepamu kwa sababu zilizotajwa hapo juu, na atakuwa sahihi kwa mgonjwa mwingine lakini si kwa huyu.

Kuna njia ya kupima akili yake hapo kitandani?

Ipo, inachukua dakika mbili. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, kuanzia Ijumaa kurudi nyuma hadi Jumamosi. Aliyesoma aambiwe miezi, kutoka Desemba. Mwenye deliriamu anakwama mapema, anarudi mbele, au anasahau ameulizwa nini.

Kipimo kinachotumika sana hospitalini kinaitwa 4AT, kilichotokea Edinburgh. Kinaangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa, maswali manne ya haraka, kutaja miezi kinyumenyume, na kama kuna mabadiliko ya ghafla au ya kupanda na kushuka. Jumla ni alama 12, na 4 au zaidi inaashiria deliriamu. Maswali yake manne ni umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka. Hapo tumia busara. Bibi aliyezaliwa kijijini bila cheti hajawahi kuijua tarehe yake, na kutoijua leo si ugonjwa. Muulize mambo aliyokuwa anayajua: gulio ni siku gani, tuko msimu wa masika au kiangazi, adhuhuri imeshapita, mtoto wake wa kwanza ni nani. Ndugu ndiye atakayesema kama jibu ni lake la kawaida. Na muulizeni kwa lugha yake. Mzee wa Kisukuma aliyelazwa Dar es Salaam anaweza kuonekana amepotea kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma akawa timamu.

Vipimo gani vifanyike? Lazima CT?

Si lazima kwa kila mtu. Sukari, malaria, picha kamili ya damu, sodiamu na chumvi nyingine, figo, ini, mkojo kama ana dalili, eksirei ya kifua, VVU: hivi vinapata sababu nyingi. CT inahitajika kama ameanguka, ana udhaifu wa upande mmoja, amepata degedege, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au hakuna sababu iliyopatikana na hali inazidi. Familia zimeuza mifugo kulipia CT ya kichwa wakati jibu lilikuwa kwenye mfuko wa dawa. Mfuko uanze.

Afungwe mikono? Achomwe sindano ya kulala?

Kufunga mikono kwa bandeji kunaongeza hofu, na mwenye hofu anapigana zaidi. Anaumia viwiko, anashindwa kujigeuza, anapaliwa. Jiulize kwanza anang'oa nini. Kama dripu imekwisha kazi, itolewe. Kama mpira wa mkojo hauhitajiki tena, utolewe. Dripu inayobaki ifungwe kwa bandeji juu ya mkono, asipoiona huiacha. Ndugu mmoja akae karibu, hata usiku. Wodi yenye masharti makali iombwe ruhusa kwa ajili ya mgonjwa huyu.

Sindano haitibu chanzo, na inaweza kumgeuza mwenye fujo kuwa wa kimya, tukaacha kumwona. Inabaki kwa hatari ya kweli, pale anapoweza kujiumiza au kuumiza wengine na maneno yameshindikana: haloperidoli, kiwango kidogo kabisa cha mzee, muda mfupi. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asipewe haloperidoli. Inaweza kumkakamaza vibaya.

Majirani wanasema amerogwa, au mashetani yamepanda.

Nafahamu uzito wa maneno hayo ndani ya familia, na wakati mwingine anayenyooshewa kidole ni mkwe au mke mwenza ambaye ndiye anamuuguza. Kuomba dua hakugongani na matibabu. Shehe aje, mchungaji aje, wasome taratibu kando ya kitanda. Sauti anayoijua inamtuliza. Tunachoomba ni kwamba asitolewe hospitalini, na asipewe kitu cha kunywa au kufukizwa bila sisi kujua. Sukari iliyoshuka haingoji arudi.

Ndugu tufanye nini?

Mengi, na yana uthibitisho. Mwaka 1999 ulitolewa utafiti wa Yale New Haven, Marekani, wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Waliopewa miwani na vifaa vyao vya masikio, waliokumbushwa kunywa maji, waliotembezwa, waliozungumzishwa na kusaidiwa kulala bila vidonge, ni asilimia 9.9 tu kati yao waliopata deliriamu; kati ya waliopata huduma ya kawaida, ni asilimia 15. Nyingi kati ya kazi hizo kwetu zinafanywa na ndugu tayari.

Leteni miwani, meno ya bandia, kitu kimoja anachokijua, kama kanga yake au redio ndogo. Mfungulieni pazia asubuhi. Jitambulisheni kila mnapoingia: "Mama, ni mimi Asha wako, uko hospitali, leo ni Jumatano, umeshapata nafuu ya kifua." Akisema anasikia ng'ombe, msibishane naye na msimwambie mnawaona. Mwambieni yuko salama na kwamba mko naye. Watu wawili kwa wakati, si ukoo mzima. Akiamka mkalisheni kabla ya kumlisha, na mlisheni kidogo kidogo.

Itaisha lini?

Wengi wanaanza kurudi ndani ya siku chache baada ya chanzo kuondolewa, lakini akili huchelewa nyuma ya mwili. Wengine wanachukua wiki, wachache miezi, na baadhi hawarudi pale walipokuwa. Akiruhusiwa kabla hajatengemaa, apewe miadi ya kurudi, na dawa zilizomvuruga ziandikwe kwenye kadi yake asije akaandikiwa tena zahanati. Baadaye anaweza kukumbuka vipande vya yale aliyoyaona na kuona haya. Mwambieni ilikuwa ni ugonjwa.

Muuguzi wa zamu yuko peke yake na wagonjwa wengi. Nimwambieje ili anielewe haraka?

Mwambie hivi: "Sista, mzee wangu kitanda namba fulani amebadilika ghafla tangu jana jioni. Jana mchana alikuwa anazungumza vizuri, leo hashiki neno. Hajanywa maji tangu asubuhi, na juzi ameanzishiwa dawa mpya. Naomba apimwe sukari na oksijeni sasa hivi." Ukitaja saa, ukataja alivyokuwa na ukataja kipimo, utasikilizwa. Baada ya nusu saa kama hajafikiwa, rudi useme tena, na umwombe amwite daktari wa zamu.